Shamba Letu Lisikodishwe



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, hoja moja iliwekwa mbele yetu chini ya mti wa avoka ulio nyuma ya kanisa. Ilisemwa kwa sauti ya upole, na kwa sababu hiyo ilipendeza masikio ya wengi: shamba la kikundi likodishwe kwa misimu minne, na fedha za kodi ziwe mwanzo wa kununua pikipiki ya kubeba abiria. Wenye hoja hawakuwa watu wavivu. Wawili kati yao wamelima nasi tangu siku ya kwanza. Walitoa sababu moja tu, wakaona inatosha: siku ya Jumamosi iliyotangulia. Walisema siku ile ilikuwa ushahidi kamili kwamba shamba linameza siku za vijana na kutapika mabua.

Sisi tuliokabidhiwa kulisimamia shamba hilo tunaomba kujibu. Tunajibu kwa maandishi kwa kuwa kura itapigwa mwisho wa mwezi, na kwa kuwa tunajua kwamba maneno haya hayasemwi Katana peke yake. Kutoka Kavumu hadi Kalehe, kikundi chochote chenye kipande cha ardhi mlimani kimewahi kuyasikia. Basi tuisimulie siku yenyewe kwanza, bila kuipaka rangi, ili kila msomaji aweze kuamua kama ushahidi ule unathibitisha yale yaliyodaiwa.

Siku yenyewe

Shamba letu halifiki nusu hekta. Limelala kwenye mteremko unaotazama ziwa Kivu, na ng'ambo ya maji kisiwa cha Idjwi kinaonekana kama mgongo wa mnyama aliyelala. Juu tumepanda mihogo, katikati maharagi marefu yanayopanda vijiti, na chini, kwenye mpaka, safu ya migomba. Mavuno hugawanywa kadiri tulivyoahidi: sehemu kwa wagonjwa na wazee wa jumuiya, sehemu kwa madaftari ya watoto wasio na wazazi, sehemu kwa mbegu. Jumamosi ile tulikuwa vijana 14. Mpango ulikuwa mwepisi: kupalilia mistari 24 ya maharagi kabla ya saa sita, kisha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Jembe la kwanza lilivunjika kabla jua halijapanda juu ya Idjwi. La pili lilifuata baada ya dakika chache. Tukabaki na majembe matano kwa watu 14. Kijana mmoja alikata tawi bichi la mkaratusi ili atengeneze mpini haraka. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipita na fimbo yake, akasimama, akatutazama, akasema: "Wanangu, mti mbichi ukiingia tunduni leo, utakauka na kusinyaa, na jembe litaruka liwapige mguuni. Mpini hukatwa msimu huu ili utumike msimu ujao." Akatuita kwake, akashusha vipande viwili vilivyokuwa vikikauka juu ya moshi wa jiko, akatuonyesha jinsi ya kuvichonga vikae bila kucheza. Saa moja na nusu ikapita.

Tuliporudi tulikuta mbuzi watatu ndani ya maharagi. Walikuwa wamepita mahali ambapo nguzo ya ua imeoza. Walikuwa wamekwisha kula mstari mmoja na nusu. Mwenye mbuzi ni mama mzee, mjane, aishiye na mjukuu mmoja. Baadhi yetu walidai alipe. Alisimama mbele yetu na kamba iliyokatika mkononi, akasema: "Wanangu, kamba ni yangu na ua ni wenu." Hatukuwa na jibu. Tukaenda kukata nguzo mpya upande wa chini wa shamba, mahali ambapo hatukuwa tumefika kwa majuma matatu. Huko ndiko tulikoona mgomba mmoja ambao majani yake yalikuwa yamelegea na kugeuka manjano, na ndizi zake zimeiva kabla ya wakati. Tulipoukata, utomvu wa rangi ya manjano ulitoka polepole kwenye shina. Ulikuwa mnyauko.

Tukiwa bado tumeinama pale, binti mmoja alikuja mbio akisema kwamba bomba la maji limepasuka na maji yanaingia kwenye njia. Bomba hilo hutumiwa na nyumba nyingi za kilima chetu. Kabla hatujafunga hata valvu ya juu, sauti zikasikika kutoka mlimani: mwanamke mjamzito alikuwa akiteremshwa kwa machela kuelekea hospitali, na waliombeba walikuwa wamechoka. Machela hubebwa na watu wanne, na njia ya mlima wakati wa mvua hutaka wanne wengine wa kupokezana. Wavulana wanane wakaacha kila kitu, wakaenda. Walirudi baada ya saa tatu, mabega yamewavimba.

Mvua ilinyesha saa nane. Mtaro wa kuzuia mmomonyoko, uliopita katikati ya shamba, ulikuwa umejaa magugu na udongo. Maji yakaufurika, yakakata njia yake kwenye maharagi, na yakapeleka udongo wetu mweusi katika shamba la jirani wa chini. Tulifukua mtaro tukiwa tumelowa hadi mifupani. Jioni tulihesabu mistari iliyopaliliwa: mitano. Kwaya iliimba bila sisi.

Hiyo ndiyo siku inayoletwa mbele ya kura. Sasa tuseme.

Tulichokiita ajali

Wenye hoja walitumia neno moja mara nyingi: ghafla. Jembe lilivunjika ghafla, mbuzi waliingia ghafla, bomba lilipasuka ghafla, mtaro ulifurika ghafla. Tunalikataa neno hilo. Mpini wa jembe la kwanza ulikuwa na ufa tangu mwezi wa kwanza. Sisi wenyewe tuliufunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, tukacheka. Nguzo iliyooza ilionekana na kila aliyepita, na kila mmoja alidhani mwingine ataibadilisha. Bomba lilikatwa na jembe letu wenyewe majuma mawili kabla, tulipokuwa tukichimba. Tulilizungushia mfuko wa plastiki, tukafukia, tukaondoka bila kumwambia mtu. Na mtaro umeandikwa katika daftari la mkutano wetu wa mwezi wa pili, kwa maneno haya: utafukuliwa Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo haikufika.

Basi tuhesabu kwa haki. Mambo sita yalitukatisha kazi siku ile. Manne tuliyajua na tukayaacha. La tano, ugonjwa wa mgomba, hatukulijua, na tusingelijua kama mbuzi hawangetulazimisha kushuka hadi mpakani. Jambo moja peke yake lilikuja kwetu kama mgeni asiyebisha hodi: yule mama kwenye machela. Na hilo ndilo tusingependa kamwe kulihesabu kuwa hasara.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunalirudia neno hilo katika hotuba, halafu tunaufunga ufa kwa mpira wa tairi. Siku ile haikutuibia chochote. Ilikuja kudai madeni ambayo tuliyaweka sisi, moja moja, kwa miezi mitatu, na ikayadai yote kwa siku moja. Mdaiwa anayelia kwamba amevamiwa na mdai wake anajidanganya mwenyewe.

Wapo pia waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba siku yenye balaa nyingi namna ile ina mkono wa mtu ndani yake, au mkono wa Shetani. Tunawaomba vijana wenzetu waliache neno hili haraka, maana lina sumu. Leo tunasema mkono wa mtu. Kesho tutamtafuta mtu huyo. Na katika vilima vyetu anayetafutwa kwanza huwa ni mama mzee, mjane, mwenye mbuzi watatu. Mwenye macho aliona nguzo iliyooza. Shetani hakuiozesha, iliozeshwa na mvua na uzembe wetu.

Pikipiki nayo huvunjika

Hoja ya pikipiki inasimama juu ya ndoto moja: kwamba ipo kazi isiyokatizwa. Tuwaulize ndugu zetu wanaobeba abiria kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Bukavu kupitia Kavumu na Katana kuelekea Kalehe na Goma. Watasimulia juu ya tairi, mnyororo, breki, mafuta yaliyochanganywa, matope ya mwezi wa nne, vizuizi vya njiani na karatasi zinazodaiwa kila kukicha. Hatuidharau kazi yao. Inalisha nyumba nyingi. Twasema tu kwamba anayekimbia shamba kwa kuogopa matengenezo atayakuta matengenezo yamemtangulia mjini, na huko hatamkuta mzee mwenye mpini mkavu juu ya moshi.

Kuna tofauti nyingine. Pikipiki ikishindikana, huuzwa kwa bei ya chuma. Ardhi ya Bushi ikishatoka mkononi hairudi kwa urahisi, na hili kijana wa Kabare halihitaji kuhubiriwa. Wazee wetu waliijua kalinzi: mtu alimpa mwami ng'ombe au mbuzi, akapata haki ya kudumu ya kulima, na wanawe baada yake. Waliijua pia bwasa, yaani kukodi kwa muda mfupi. Enzi za Wabelgiji zikaleta mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini juu ya vilima vile vile. Mwaka 1970 msitu wa Kahuzi-Biega ukafanywa hifadhi ya taifa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa, na wengi waliokuwa na kalinzi pasipo karatasi wakajikuta dhaifu mbele ya wenye karatasi. Leo familia nyingi za vilima hivi hulima chini ya hekta moja. Sisi, vijana, tumepewa kipande kizima cha kulima pamoja, nasi tunataka kukitoa kwa sababu mipini miwili ilivunjika?

Na tufikirie mkodishaji atafanya nini. Hatumlaumu, tungekuwa yeye, tungefanya vivyo hivyo. Mtu anayelima kwa misimu minne hapandi mti utakaokomaa baada ya miaka kumi. Hafukui mtaro ambao faida yake ataila mwingine. Hang'oi mgomba mgonjwa ikiwa bado unaweza kumpa mkungu mmoja wa mwisho. Atachota kilichopo, kisha atarudisha mteremko uliochoka, nasi tutasema kwamba ardhi imelaaniwa. Fedha za kodi ni bei ya udongo wenyewe, inayolipwa kidogo kidogo.

Mgomba na mtaro

Tulidharau matengenezo kwa sababu tuliyaona kuwa madogo. Tuyatazame mawili kwa karibu.

Mnyauko wa migomba ulitambuliwa kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na katika Kivu ya Kaskazini, kisha ukaendelea kusambaa hata kufika kwetu. Hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa. Wadudu wanaotembelea ua hubeba ugonjwa, lakini mbebaji mwingine mkubwa ni panga la mkulima, linalotoka mgomba mgonjwa na kuingia mgomba mzima bila kusafishwa. Kinga yake inajulikana, na haihitaji fedha: kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda, pasipo kutumia kisu, kukata shina lililougua chini kabisa kwenye udongo, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine, na kurudi kuangalia kila juma. Siku ile tuliukata mgomba mmoja, tukawasha moto, tukachoma panga. Kazi ya nusu saa. Kama tungepalilia mistari yetu 24 kwa furaha na kwenda kwenye kwaya, panga lile lile lingeendelea kutembea kwa majuma mengine matatu kutoka mgomba hadi mgomba, na baadaye, kwa kuazimwa, kutoka shamba hadi shamba. Ndizi ndiyo chakula, ndiyo kinywaji cha mahari, ndiyo ada ya shule. Nani atasema kwamba nusu saa hiyo ilipotea?

Kuhusu mtaro, hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa iliteremsha mito, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika wilaya ya Kalehe, jirani zetu wa kaskazini. Waliokufa walizidi 400. Tuseme kweli: mtaro wa kikundi kimoja usingeuzuia mto uliokasirika. Lakini kilima hakina mwenye nyumba mmoja. Kilima kimefanywa na mashamba madogo mengi, na maji yanayoshuka kwa ukali chini yalianza kwa kuteremka pasipo kizuizi juu. Jirani wa chini aliyepokea udongo wetu Jumamosi ile hakutulalamikia. Ukimya wake ulitupasa aibu zaidi kuliko kelele. Tulimpa matatizo yetu kwa sababu tulikuwa na mkutano badala ya jembe.

Aliyekatizwa njiani

Ndugu vijana, mmesikia Injili ya binti wa Yairo, kama aisimuliavyo Marko. Bwana anaitwa kwa haraka: mtoto yu mahututi, baba anasihi, umati unasonga. Kama kulikuwa na safari isiyostahili kukatizwa, ndiyo hiyo. Na katikati ya njia mwanamke mgonjwa wa miaka 12 anagusa vazi lake, naye anasimama. Wanafunzi wanaona kuwa ni kupoteza wakati. Yeye anamtafuta, anamsikiliza hadi mwisho, anampa amani. Na ndipo anaendelea kwa Yairo, ambako wote walidhani amechelewa. Mwinjili hakuyatenga mambo hayo mawili. Aliyekatiza safari aliwekwa ndani ya safari.

Twakiri kwamba machela ilipopita, mmoja wetu alinong'ona: "Wengine watabeba." Hatutaji jina, kwa kuwa moyoni wengi walikuwa wamekwisha kulisema. Tuliona mistari 24, hatukuona mtu. Namshukuru Mungu, twasema sote, kwamba miguu ya wale wanane ilikuwa na haraka kuliko fikira zetu. Mtoto alizaliwa usiku ule ule, na mama yake yu hai. Wala tusiwe na kiburi juu ya hilo: tungekuwa tumewajibika kubeba hata kama habari za jioni zingekuwa za kilio.

Na kuhusu jembe, Mtakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake wavitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Kikombe cha Misa hakiachwi sakafuni. Jembe letu tuliliacha kwenye mvua tangu Jumamosi hadi Jumamosi, kisha tukashangaa kwamba limetuacha.

Nani alitengeneza bomba?

Kuna jambo ambalo halikusemwa chini ya mti wa avoka, nasi hatutalificha. Wavulana walipokwenda na machela, walibaki wasichana sita na yule mzee. Fundi wa kamati ya maji alikuwa kwenye mazishi. Mzee aliwaelekeza, wao wakafunga valvu ya juu, wakakata sehemu iliyopasuka, wakalainisha ncha za bomba kwa moto mdogo, wakasukuma kiunganishi hadi kikakaza, wakafunga kwa ukanda wa mpira, wakafungua maji polepole huku wakitazama kama linavuja. Halikuvuja.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonyeshwa kazi hiyo kabla ya siku ile. Tangu kikundi kianze, bomba likiharibika, wavulana hujadili, na wasichana huchukua madumu na kwenda kwenye kijito cha mbali. Yaani gharama ya kutotengeneza ilikuwa ikilipwa na vichwa na migongo ya dada zetu, na kwa sababu hiyo wengine wetu hatukuiona kuwa gharama. Tunaposikia hoja kwamba "shamba linachosha vijana", tuna haki ya kuuliza: linawachosha vijana gani, na nani alipumzika? Katika mkutano wa Jumapili, walioomba shamba likodishwe walikuwa wanaume watupu. Kati ya wale sita waliotengeneza bomba, hakuna hata mmoja aliyeunga mkono hoja.

Hoja iliyo nzito kuliko zote

Imebaki hoja moja, nayo hatuichezei. Mwenzetu mmoja alisema: "Kwa nini kutengeneza ua, na hatujui kama kesho tutalala hapa?" Alisema hivyo kwa utulivu, na palikuwa kimya. Kila mmoja wetu ana sababu ya kunyamaza. Vita vya mashariki ya nchi yetu vina umri mkubwa kuliko sisi. Mwezi wa pili 2025 vilifika Kavumu na Bukavu, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlilala porini, au mlivuka ziwa, au mlimzika mtu.

Hatuna neno la kuufuta uzito huo. Tuna mambo mawili ya kumjibu ndugu yetu. La kwanza ni la tumbo: maharagi hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, na njaa haingoji amani. Wazee wanaokula kutoka shamba hili watakula mwezi huu au hawatakula. La pili ni la mikono. Mbuzi huporwa, majembe huporwa, hata milango huporwa. Lakini ujuzi wa kuchonga mpini, wa kuunganisha bomba, wa kutambua mgomba mgonjwa, wa kupima mtaro ukate mteremko, huo humfuata mwenyewe popote aendapo. Waliokimbia na kurudi wanajua ni nani aliyeweza kusimamisha nyumba tena: ni yule aliyejua kutengeneza. Kama kuna kizazi kinachopaswa kujifunza kukarabati kabla ya kingine chochote, ni kizazi chetu. Nchi tuliyorithi imevunjika mahali pengi, na haitatengenezwa na watu walioshindwa na nguzo moja ya ua.

Tunachoomba

Hatuombi mpendezwe na siku kama ile. Ilikuwa siku chungu, na tungependa isijirudie namna hiyo. Twaomba mambo haya yapigiwe kura pamoja na hoja ya kukodisha, na ikiwa yatakataliwa, basi wenye hoja watuambie wana nini badala yake.

Saa ya kwanza ya kila Jumamosi iwe ya matengenezo, kabla jembe lolote halijagusa udongo: kuzunguka mpaka wote, kutazama migomba, kufungua mtaro, kukagua mipini. Daftari la vyombo lianzishwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na kila kilichoharibika kiandikwe pamoja na jina la atakayekitengeneza. Mipini kumi ikatwe sasa ikauke kwa msimu ujao. Sehemu ndogo ya kila mavuno iwekwe kwa ajili ya kamba, misumari na viunganishi. Kila mmoja, msichana na mvulana, ajifunze kazi mbili za kutengeneza na kumfundisha mwingine. Mama mwenye mbuzi apewe kamba mpya kutoka kwetu, na jirani wa chini atusikie tukimwomba msamaha kwa midomo na kwa jembe. Na mipango ya siku iandikwe ikiwa na nafasi: anayepanga mistari 24 kwa asubuhi moja amepanga kwamba hakuna mtu atakayeugua kilimani siku hiyo.

Kituo cha INERA cha Mulungu, kisicho mbali nasi, kimeshughulikia mbegu za maharagi kwa miaka mingi. Mbegu njema ni jambo kubwa. Lakini hakuna mbegu inayoota juu ya udongo uliokwenda ziwani, wala inayozaa ndani ya ua lililo wazi. Utafiti watatufanyia wengine. Kuziba ufa ni kwetu.

Jumamosi hii tutakuwa shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mistari 19 inatungoja, na kabla ya hiyo, nguzo mbili nyingine ambazo tumeziona na ambazo, safari hii, hatutasema kwamba hatukuziona. Wenye hoja ya kukodisha tunawaalika kwa moyo mmoja na wengine. Waje na mapanga. Moto wa kuyapitisha tutauwasha sisi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni kitu gani kilichoharibika katika kikundi chetu, ambacho sote tunakijua na kila mmoja anamngoja mwenzake akitengeneze?

2. Kazi ikikatizwa kwetu, ni nani hulipa gharama kwa jasho lake? Je, mtu huyo husikilizwa katika mikutano?

3. Ni mara gani tulimwita adui, mchawi au Shetani, mahali ambapo tulipaswa kusema: tulizembea?

4. Kila mmoja ataje kazi moja ya kutengeneza anayoijua na moja anayotaka kufundishwa kabla ya mwezi kwisha.